Njia ya Toroli: Maisha ya Mzee Adolfu Mwanakulya wa Majengo

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, viongozi wa mtaa wetu wa Majengo, wazee wetu mliotoka Mpui alfajiri, wanajumuiya, majirani, na wateja wangu ninaowaona kule nyuma, shikamooni wakubwa zangu na poleni nyote kwa msiba huu. Mimi naitwa Timoth Mwanakulya, mdogo wake marehemu, baba mmoja mama mmoja, na kwa niaba ya familia nimepewa karatasi hii niwasomee historia ya kaka yangu kabla hatujaanza safari ya kumpeleka Mpui. Karatasi ameiandika Margareth, binti yake mkubwa, ambaye ni mwalimu, kwa hiyo tarehe zote ni sahihi na makosa yote ya kusoma ni yangu. Kabla sijaanza, naomba mliokaa upande wa mparachichi msivute viti kuingia kwenye matuta, na mama zangu mlioshika mafagio tangu asubuhi muyaweke chini, kwa sababu katika uwanja huu majani hayafagiliwi, na sababu yake mtaisikia.

Marehemu Adolfu Mwanakulya alizaliwa tarehe 14 Septemba 1955 katika kijiji cha Mpui, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Benjamini Mwanakulya na marehemu Mama Herieth, wakulima wa mahindi na ulezi ambao wengi wenu mliwafahamu, akabatizwa mwezi uliofuata, akakua mgongoni mwa dada yetu mkubwa, marehemu Cornelia, aliyekuwa akimbeba kwenda naye shambani. Mimi nilikuja miaka kumi na mmoja baadaye, wakati mama alikwisha kuwatangazia watu kwamba amemaliza kuzaa, na kwa kuwa Cornelia alikuwa ameshaolewa, aliyenibeba mimi mgongoni ni Adolfu.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1964 katika shule ya msingi pale kijijini na kumaliza darasa la saba mwaka 1970, hakuchaguliwa kuendelea, kama wengi wa rika lake, na Margareth ameandika hapa kwamba elimu yake kubwa aliipata shambani kwa mama, jambo ambalo ni kweli tupu. Wazee wa Mpui mnaijua intumba, ila nawaeleza hawa wa mjini na wale waliotoka Mbeya, kwamba sisi Wafipa mvua zinapoelekea mwisho, majani yakiwa marefu, hatuyachomi, tunayalaza, tunayafunika kwa udongo uliopinduliwa mpaka yanakuwa kichuguu, juu yake tunapanda maharage, na ndani yake majani yanaoza polepole, msimu unaofuata tunakibomoa kichuguu, tunakitawanya, na hapo ndipo ulezi unapoota ukiwa na afya. Akiwa na miaka kama tisa, Adolfu alichoka kulaza majani akayawasha moto ili awahi kwenda kucheza, na siku hiyo mama alimnyima chakula cha jioni, akamwambia, wewe umechoma chakula cha udongo, basi mlale njaa wote wawili. Tangu siku hiyo kaka yangu hakuwahi kuchoma jani hata moja, na majirani mnaochoma takataka kila asubuhi mnajua mlivyokuwa mkimkera.

Mwaka 1977 alikuja Sumbawanga mjini kufanya vibarua, na tarehe 1 Machi 1979 aliajiriwa kuwa mtunza bustani katika ofisi moja ya serikali hapa mjini, kazi aliyoifanya kwa uaminifu hadi alipostaafu tarehe 14 Septemba 2015. Wenzake wa kazini mpo hapa, na mnakumbuka kwamba kwa miaka yote hiyo alipaka chokaa yale mawe ya pembezoni mwa njia, kwa sababu kila bosi aliyekuja alitaka mawe meupe, na kila mwaka kaka alisema jiwe halihitaji shati, halafu anachukua brashi anapaka. Alikuwa mtu wa namna hiyo, anasema mara moja, akikataliwa anafanya unavyotaka wewe, na hasemi tena. Naomba mumkumbuke hivyo, kwa sababu wengi tulidhani mtu asiyesema tena ameridhika.

Mwaka 1984 alinichukua kutoka Mpui, nikiwa sina mbele wala nyuma, akanilaza kwenye chumba chake cha kupanga, akanitafutia kazi ya kubeba saruji kwa mfanyabiashara mmoja, na hapo ndipo nilipojifunza biashara ninayoifanya hadi leo, ya saruji na tofali za pevingi.

Tarehe 23 Oktoba 1982 marehemu alifunga ndoa takatifu na Rozina, binti wa Kabwe, aliyepanda kutoka joto la ziwani kuja kwenye baridi yetu hii akiwa na gunia la dagaa na sweta la kuazima, na Mungu akawajalia watoto watatu, Margareth mwaka 1983, Benjamini mwaka 1987, na Herieth mwaka 1994, na wajukuu sita. Mwaka 1986 walipata kiwanja hiki, wakati huo kikiwa majani matupu, nyumba ya karibu ukiiita haisikii, na mbele yake barabara ya vumbi ambayo kaka aliipitia kwa baiskeli kwenda kazini.

Hapa ndipo alipoifanya intumba ya nyumbani, na wengi mliosimama hapa mmejifunza kwake. Maganda ya viazi, majani ya migomba, vichwa vya dagaa walivyotumiwa kutoka Kabwe, majivu ya jikoni, vyote viliingia kwenye vichuguu vidogo, juu yake akapanda maboga na maharage, na msimu uliofuata akavitawanya. Maji ya kuoshea vyombo aliyapitisha kwenye shimo la kokoto na majivu kabla ya kuyapeleka kwenye migomba. Pembezoni mwa kila tuta alipanda mchaichai ili udongo usikimbie, chini ya mparachichi alitambaza matembele ili ardhi isikae uchi, wadudu aliwafukuza kwa pilipili na majivu, dawa ya dukani hakuitaka, na majani yaliyodondoka aliyaacha yalipodondokea. Shemeji yangu Rozina, aliyelelewa kwamba uwanja msafi ni uwanja uliofagiliwa hadi ukang'aa, alilia mwaka mzima wa kwanza kwa aibu ya wageni. Mwaka wa pili alivuna kabichi ambayo haikuingia kwenye sufuria, akalitundika fagio la uwanjani ukutani, na bado liko palepale.

Sasa nafika mwaka 2009, ambao Margareth ameuandika kwa mstari mmoja, kwamba marehemu alimmegea mdogo wake sehemu ya mbele ya kiwanja. Mstari huo ni mfupi kuliko jambo lenyewe. Nilikuwa natafuta sehemu ya barabarani ya kuweka duka, nikahangaika mji mzima, kaka akaniita akaniambia, Timoth, bustani haihitaji barabara, duka ndilo linaihitaji, chukua mbele. Hakutaka chochote ila njia. Mbele ya mjumbe wetu na fundi Loth, ambaye yupo hapa, alileta toroli lake likiwa limejaa mboji, akalishika kwa mikono miwili, akatembea nalo kutoka mlangoni kwake kuelekea barabarani, Loth akawa anachomeka vijiti nyuma yake, akiacha nafasi ya ngumi moja kila upande, na pale ilipopangwa kukaa kona ya stoo yangu kaka aliliinua toroli likasimama kwa gurudumu lake moja, akaligeuza, akapita, akacheka, akasema inatosha hii, mimi natoka na toroli tu, nitatoka na nini kingine? Sote tulicheka. Mjumbe akaandika kwenye karatasi, njia ya upana wa toroli, tukaweka saini, Loth akajenga duka na ukuta wa stoo kwa kufuata vijiti.

Mwaka 2012 jirani yetu Mama Atuganile, aliyehamia kikazi kutoka Tukuyu, alijenga ukuta upande wake, na mwaka 2014 mwenye kiwanja cha nyuma, ambaye haishi hapa mjini, akajenga wa kwake, kwa hiyo kaka akabaki katikati ya kuta, na njia yake ikawa ile moja, imenyooka kando ya ukuta wa Mama Atuganile, inafika kwenye kona ya stoo yangu, inakata, inatokea barabarani. Uwanja wa kila mtu ulitandazwa pevingi, na niseme ukweli, zote niliwauzia mimi, mvua ya Januari ikawa haina pa kuzama, ikawa inasimama kwenye uwanja wa Mama Atuganile hadi inagusa kizingiti. Mtu mwingine angeomba Mungu ukuta ule usivuje, ila kaka alipiga hodi kwa jirani akamwambia, mama, haya maji unayoyafukuza mimi nayataka, nitobolee ukuta kwa chini. Wakatoboa matundu manne, kaka akapanga mawe ya kuyapunguza kasi, akachimba mfereji unaozungukazunguka kwenye mashimo ya migomba, na tangu hapo kwa Mama Atuganile ni pakavu na huku kuna ndizi hadi Juni. Kupitia matundu hayo hayo Mama Atuganile alikuwa akiinama na kumsalimia, shikamoo baba, naye akiitikia akiwa ameshika jembe. Mungu ambariki mama huyu, maana yeye alikubali kuutoboa ukuta wake siku aliyoombwa.

Tarehe 9 Juni 2020, siku ya Jumanne, akiwa anapindua mboji pale mlipokaa wazee wa Mpui, marehemu alianguka, akapelekwa hospitali, ikaonekana amepata kiharusi, upande wa kulia ukawa hauna nguvu, akalazwa wiki tatu, akarudishwa nyumbani tarehe 1 Julai.

Hapa Margareth ameacha nafasi. Ameandika ugonjwa, ameacha mistari kumi mitupu, halafu ameandika mauti. Jana nilipomuuliza kama karatasi imekosewa, alinijibu kwa heshima zote, ba'mdogo, hapo utajaza mwenyewe. Sikulala vizuri, ila najaza.

Mwezi Septemba mwaka ule parokia yetu ilimpatia kiti cha magurudumu, kiti imara cha chuma, kilichochomelewa, kisichokunjwa, tukashukuru sana. Kiti kiliingia humu kikiwa kitupu, kimebebwa kichwani juu ya kuta, na hakuna aliyejiuliza kitatokaje kikiwa na mtu. Jumapili ya kwanza tulimsukuma kwenda misani, kwenye njia iliyonyooka kiti kilipita huku vidole vyake vikikwaruza ukuta, tukafika kwenye kona, kikagoma. Tulikirudisha, tukakisogeza, tukakiinua mbele, tukakiinua nyuma, toroli lina gurudumu moja na kiti kina manne, na kaka, ambaye alikuwa anaangalia tu, mwishoni akasema, nirudisheni. Jumapili tatu zilizofuata Benjamini alimbeba mgongoni hadi barabarani. Ya tatu, pale kwenye kona, mguu wake wa kulia ulisuguliwa ukutani, yeye mguu ule hausikii, Benjamini hakuona, tukaja kuona damu kwenye soksi wakati wa sadaka. Akasema, mimi si gunia la mahindi. Toka siku hiyo hakubebwa tena kwenda popote, Baba Paroko ukawa unamletea komunyo humu ndani.

Akaanza kuubadilisha uwanja. Kwa mkono mmoja na mdomo, huku Rozina na Herieth wakichimba, alipanua njia zote za humu ndani zitoshe kiti, akazitandaza vipande vya tofali na mchanga, hakutaka saruji hata kidogo, maji yazame, akainua matuta yafike kwenye magoti yake ili aweze kupalilia akiwa amekaa, na njia hizo zote mnaziona, zinatoka mlangoni, zinapita mparachichi, zinapita matundu ya maji, zinapita migomba, zinarudi mlangoni. Kila asubuhi alizunguka, na kila jioni alizunguka. Watu walikuja kuiona bustani kutoka mitaa mingine, wakajifunza matandazo, wakaomba mbegu, na mama mmoja akamwambia, mzee wewe umeshaingia peponi ungali hai, kaka akamjibu, hata pepo ina mlango, mama yangu.

Siku nyingine alikuwa akikiendesha kile kiti hadi kwenye kona, anakisimamisha, anainama kutazama kile kipande cha barabara kinachoonekana, bodaboda inapita, mwanafunzi anapita, mtu anapita na debe la nyanya. Anakaa hapo saa nzima. Nayajua haya kwa sababu upande wa pili wa ukuta ndipo stoo yangu ilipo, ukuta ni wa tofali moja, nilikuwa nayasikia magurudumu yakilia yanapokuja, na nilikuwa nasikia yanaponyamaza. Nilikuwa naongeza sauti ya redio.

Tarehe 18 Februari 2023 dada yetu Cornelia alifariki huko Mpui. Kaka alisema safari hii abebwe, vyovyote vile, abebwe hata kama gunia, ila Benjamini alikuwa Mbeya kikazi, kaka alikuwa ameongezeka uzito, wawili hawawezi kupita sambamba kwenye njia ile, mvua ilikuwa imegeuza chini kuwa utelezi, na gari lilikuwa linatungoja barabarani. Mimi ndiye niliyesema, kaka, wewe baki, tutakuwakilisha. Hakubishana. Alimwita Herieth, akajaza mboji kwenye kopo la kilo moja, ile mboji nyeusi ya chini kabisa, akanipa, akasema, mwagie dada, mwambie nimekwama. Niliimwaga mimi kaburini. Yale maneno sikuyasema, niliona aibu mbele ya watu, nayasema leo.

Mwezi uliofuata Herieth alikuja dukani akiwa na kamba ya katani yenye mafundo mawili. Akaniambia, ba'mdogo, baba anasema fundo la kwanza ni njia ilivyo, fundo la pili ni njia anayoihitaji, basi, hajasema kingine. Kati ya fundo na fundo ni kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole. Nilimwambia, mwambie kaka nimeona, tutalitazama baada ya mavuno. Baada ya mavuno watu wanajenga, stoo ikawa imejaa saruji hadi darini, nikasema ikipungua. Ilipopungua mvua zikaanza, saruji haiachwi nje kwenye mvua, nikasema zikiisha. Mfanyabiashara hakosi sababu. Kamba nikaiweka kwenye droo, na kaka, kama kwa yale mawe ya chokaa, hakusema tena. Mimi nikaacha kuingia kwa njia ile, nikawa namsalimia nikiwa upande wangu, shikamoo kaka, na ukuta unanijibu, marahaba mdogo wangu, biashara inaendaje?

Tarehe 10 Machi mwaka huu wa 2025, siku ya Jumatatu, marehemu alianza kubanwa na kifua, tukamtoa tukiwa tumembeba kwenye blanketi, mmoja mbele na mmoja nyuma, mimi nikiwa mbele, na tulipofika kwenye kona tukasimama kupanga namna ya kukata, akanyoosha mkono wake wa kushoto akaupapasa ukuta, kama mtu anayepapasa ng'ombe wa jirani. Alifariki hospitalini Jumatano tarehe 12 Machi, saa kumi na moja jioni, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa, baada ya kukaa ndani ya uwanja huu kwa miaka minne na miezi sita.

Mliochelewa kufika, mliopita kwenye huu uwazi mpana mkadhani ndio lango la nyumba, naomba niwaeleze. Leo saa mbili asubuhi tulirudi na jeneza kutoka hospitali ili aagwe nyumbani kwake, watu sita wakalishusha, wakaingia nalo kwenye njia, wakafika kwenye kona. Mungu ni shahidi wangu, katika watu wote tuliopanga msiba huu, turubai, vyakula, magari, vipaza sauti, hakuna hata mmoja aliyeikumbuka kona. Vijana wakaanza, geuza huku, rudi kidogo, inagoma, inua kichwa, mmoja akasema tulisimamishe wima, Margareth akapiga kelele, msimsimamishe baba! Wakarudi nyumanyuma, wakaliweka jeneza juu ya benchi mbele ya duka langu, kando ya rundo la pevingi, kwenye jua, watu wa barabarani wakawa wanapita wanauliza kwa nini marehemu haingizwi kwake. Nikaenda kwenye droo nikaitoa ile kamba. Fundi Loth aliitazama, akaenda kuchukua nyundo kubwa mbili, moja akanipa mimi.

Kwa hiyo vifusi mnavyoviona pale visitupwe. Herieth atavitandaza kwenye njia za bustani, ndivyo baba yake angefanya. Na turubai litakapotolewa, naomba matuta yaliyokanyagwa yainuliwe leo leo, majani yarudishwe juu ya udongo, na matundu ya Mama Atuganile yazibuliwe kabla ya mvua ya jioni. Ukuta ule hautajengwa tena, natamka mbele ya mjumbe na Baba Paroko, wala sihitaji karatasi ya kusaini.

Familia inatoa shukrani za dhati kwa madaktari na wauguzi waliomhudumia tangu mwaka 2020 hadi pumzi yake ya mwisho, kwa parokia yetu kwa kiti na kwa sala, kwa jumuiya yetu iliyomtembelea kila Alhamisi ikipita mmoja mmoja kwenye njia ile bila kulalamika, kwa wafanyakazi wenzake wa zamani waliomletea mbegu na magazeti, kwa majirani wote wa Majengo, na kwa wazee wa Mpui ambao wamekwisha kuchimba kaburi kando ya dada Cornelia, katikati ya mashamba ambayo wiki hii watu wanalaza majani, maana ndio msimu wenyewe wa intumba, na kaka hajauona tangu mwaka 2019. Hatuwezi kumtaja kila mmoja, tunaomba mpokee asante zetu.

Wa mwisho ninayemshukuru ni fundi Loth, aliyeujenga ukuta ule mwaka 2009 na kuuvunja leo, na kwa kuwa hii ni historia na Margareth anataka kila kitu kiwe na muda wake kamili, naandika hapa kwa kalamu yangu kwamba tulianza kuvunja saa mbili na nusu na tukamaliza saa tatu na dakika kumi. Ni dakika arobaini. Saruji tuliihamishia upande wa pili wa stoo, mifuko yote, ndani ya muda huo huo, na ikatosha.

Tulipomaliza, vumbi likiwa bado linashuka, shemeji yangu Rozina alitoka mlangoni, akatembea hadi pale kwenye kona, akasimama, akauangalia ule uwazi, akaiona barabara yote, akaniangalia mimi nikiwa na nyundo mkononi. Alisema neno moja tu. Alisema, kumbe ulikuwa unavunjika.

Kaka Adolfu, ulinibeba mgongoni, mimi nilishindwa kukupisha. Nisamehe. Wabebaji wako tayari, gari lipo, na njia unayo. Pita, kaka, ukapumzike kwa amani.